Kaka Uliyeko Mlimani

Kaka,

Barua yako imefika. Unasema nabii wenu alikosea tarehe tu, Bwana atarudi mwezi ujao, nasi tupande mlimani tusiachwe. Hongereni. Huku cherehani yangu imepona, na mkeo amerudi kufundisha.

Mama naye alimngoja Bwana maisha yake yote, ila alingoja huku akiwafulia wagonjwa mashuka. Nyinyi mnangoja mmejinyoosha kwenye mikeka, mkilishwa na wajane.

Jumatatu, Mama, akihema kwa shida kitandani, alikuulizia. Nikamwambia uko mlimani unamsubiri Yesu.

"Yesu nina hakika atakuja," akasema. "Huyo mwanangu, sijui."

Tulimzika Jumatano. Jeneza alilitengeneza fundi wa mtaa wa pili, maana wewe, seremala wetu, uligawa randa na misumeno ukidai dunia imekwisha.

Dunia ipo, kaka. Mama ndiye hayupo.

Mdogo wako