Makubadhi Yaliyotazama Mlango

Baba yangu mpenzi,

Naubusu mkono wako kwanza, ule wa kulia, ulionuka wino wa ukarani wa bandari ya Kilindini hata baada ya kustaafu. Hapa Kibokoni ni saa nane mchana, watu wameshiba wamelala, nami nimekaa nyuma ya mlango nasikiliza. Ndiyo saa yako hii. Tangu wakuzike, miaka minne sasa, ndiyo saa ninayoiogopa.

Wakumbuka ulipopatikana na sukari? Miguu yako ilikuwa baridi kama mtungi, katikati ya joto la kaskazi. Daktari akakwambia utembee kila siku baada ya kula, nawe ukaja kutuhubiria mkekani. Ulisema sukari ikizidi huitia mishipa ya damu uvimbe wa ndani, moto wa makaa chini ya jivu, mwenyewe huna habari, na mishipa hukakamaa. Ukitembea, misuli huila ile sukari, damu hupita kwa nguvu, mishipa ikajifunza upya kutanuka na moto ukapungua. Shangazi, dada yako, akasema mgonjwa hulala, hazururi juani kama aliyefukuzwa na mkewe. Ukacheka, ukavaa makubadhi yako ya ngozi ukaenda, Ngomeni, Ndia Kuu, ukarudi kwa upande wa Marikiti, ukiburuta kidogo mguu wa kushoto. Ta, kwaruu. Ta, kwaruu. Milango yote imefungwa, na wewe peke yako wapita.

Na wallahi ilifaa. Siku moja niliushika mguu wako nikaukuta una joto, nikalia. Kidonda cha kidole kilichokuwa kimegoma kupona kikafunga. Ukawa wanitania eti sasa nikutafutie mke mdogo.

Kisha ile Ijumaa. Viatu kubadilishana mlangoni mwa msikiti si ajabu kwetu. Mtu huvaa vilivyobaki, kesho yake akavirejesha. Lakini wewe ulivaa makubadhi ya mtu mwenye mguu mdogo, yenye msumari uliotokeza, ukapiga mzunguko wako wote, ukayavua mlangoni ukaingia ukiomba chai. Nilitazama sakafu. Nyayo zako zilitoka mlangoni hadi mkekani, mmoja safi, mmoja mwekundu, mmoja safi, mmoja mwekundu.

"Baba, mguu wako."

"Una nini?" ukaniuliza, huku watabasamu.

Tabasamu lile lilinitisha kuliko damu. Unyayo umechanika, na mwenyewe, kwa ganzi ya sukari, hukusikia kitu.

Kwa daktari nilikwenda mimi, peke yangu, kuuliza la kufanya. Alisema upumzike mpaka kidonda kipone, kisha urudi kutembea, kwa viatu vya kufunika, na kila jioni nyayo zikaguliwe kwa kioo. Sasa nakwambia nililokuficha. Nilirudi nyumbani nikasema, "Daktari amekukataza. Usitembee tena." Makubadhi yako yaliporudi kutoka msikitini nikayatia chini ya kitanda changu, ncha zikitazama ukuta. Niliogopa, basi. Nawe ukaniamini, ukaketi barazani. Kidonda kilipona na hukuinuka. Ubaridi ukarudi, ukianzia vidoleni, nami nikawa nakufunika shuka mchana kweupe. Mwaka haukutimia, moyo ukasimama.

Huenda ungekwenda hata kama ungetembea. Mungu ndiye ajuaye. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sikuficha maradhi, nilificha dawa. Aliyechukuliwa ni wewe.

Baada ya arubaini yako niliinama kufagia chini ya kitanda. Makubadhi yalikuwa yametazama mlango. Nikayageuza. Juma lililofuata nikayakuta yametazama mlango tena. Tunaishi wawili tu, na Shangazi hawezi kuinama wala haoni vizuri. Yeye asema ni panya. Panya gani huyo, apangaye viatu sambamba? Na kila saa nane, njia ikiwa tupu, nasikia: ta, kwaruu. Ta, kwaruu. Nikichungulia dirishani, hapana mtu.

Mwezi uliopita nilipimwa. Nina sukari, Baba. Vidole vyangu vya miguu vimeanza ubaridi. Daktari aliponiambia nitembee baada ya kula, nilimkodolea macho mpaka akarudia. Siku zote hizi nimekaa hapa mlangoni nisithubutu kutoka, nikidhani waja kunilaumu. Jana ndipo nilipoelewa. Mwendo wako ulifika mlangoni, ukasita, kama mtu amngojaye mwenziwe avae viatu.

Basi leo nimejikagua nyayo kwa kioo. Nimevaa raba za kufunika. Makubadhi yako nimeyatoa, nimeyaweka kizingitini yatazame njia. Shangazi ameamka, ameniuliza, "Wenda wapi na jua hili?" Nimemwambia natembea na Baba. Ameniambia nimsalimie.

Daktari hakukukataza, Baba. Ni mimi. Nisamehe kwanza, ndipo tuondoke. Na usiende haraka. Miguu ya baridi sasa ni yangu.

Mwanao,
kifungua mimba wako