Ju Haiko Juu

Jumapili, 6 Januari 2002

Leo nimemwangusha Achille tena. Yeye anasema aliteleza. Kila mara anateleza — sijui nani anapaka sabuni kwenye tatami yetu. Tatami, mukeka wa mazoezi, ni jina tu. Ni magunia ya unga wa mbao, na juu yetu turubai ya kambi ya wakimbizi. Bila magunia hayo, Goma hii ya mawe ingetumaliza siku ya kwanza.

Halafu nikaleta ujuaji. Nikawaambia wapya wa klabu: jujitsu, ju maana yake juu, anayebaki juu ndiye anashinda. Kumbe mwalimu wetu, Maître Bulonza, yuko nyuma yangu. Alicheka mpaka akaketi.

“Useni, nani alikufundisha Kijapani?”

“Nimejifundisha, Maître.”

Akasema ju haiko juu. Ju ni ulaini. Unakubali kusukumwa, halafu unamusindikiza anayekusukuma kule kule anakoenda, mpaka anaanguka mwenyewe. Nikamwambia miye nasukuma chukudu, hii baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tangu niache shule, sijaona mulima hata mumoja unaokubali.

“Na ukishuka toka Kibumba na magunia ya makala ya kupikia, chukudu unaizuia?”

“Itaniua! Naifuata tu, nageuza usukani kidogo.”

“Basi ulianza jujitsu zamani, na mwalimu wako ni mbao.”

Achille akapiga makofi. Mujinga yule.

Jumatano, 9 Januari

Mvua. Turubai inavuja, hakuna mazoezi. Maître akatupa historia.

Zamani kule Japon wapiganaji walivaa chuma mwili wote. Ukipiga chuma ngumi, nani analia? Ngumi. Kwa hiyo mutu akiangusha upanga, ilibidi atafute mahali ambapo chuma hakifiki: kiwiko, shingo, kifundo cha mukono. Halafu hadithi ya munganga mumoja aliyeangalia miti wakati wa theluji. Tawi gumu lilibeba, likabeba, likavunjika. Tawi laini liliinama, theluji ikamwagika, likasimama tena.

Achille akauliza theluji ni nini. Maître akasema ile nyeupe ya kichwani kwa mulima Karisimbi asubuhi zingine.

“Kumbe ile si chumvi?”

Tulikufa kwa kicheko. Mutu wa miaka kumi na nane.

Baadaye serikali yao ikakataza panga. Walimu wakalala njaa. Wengine wakawa waunga mifupa, wengine wakapigana kwenye sarakasi, mumoja akapanda meli mpaka Brésil, na kule wembamba wakajifunza kupigana wakiwa wamelala mugongo. Kule Bukavu jujitsu ililetwa na padri Mubelgiji, ndipo Maître akaipata, akiwa mwanafunzi wa collège.

Nikasema: basi hii ni sanaa ya walioshindwa?

“Ni ya mutu ambaye upanga wake umeshaanguka. Mwenye upanga hana haja na sisi.”

Sikupenda hiyo. Miye sijaanguka bado.

Jumamosi, 12 Januari

Askari wa uasi walikuja klabu. Wao ndio serikali hapa tangu mwaka wa tisini na nane, kila mutu anajua kuinamisha macho. Mukubwa wao aliketi kwenye tatami na viatu. Na viatu! Anataka Maître afundishe vijana wake kumukaba mutu bila kuacha alama.

Maître alijibu kwa heshima, muzee huku, muzee kule. Akasema kwake somo la kwanza si kukaba, ni kuachilia. Mutu unayemukaba akikupiga kofi mara mbili, hata kidogo, anaomba aachiliwe, na unaachilia palepale. “Vijana wako wakipigwa kofi mara mbili, wataachilia?”

Yule mukubwa akacheka vizuri, kama jirani. Akaondoka.

Achille anasema imeisha. Mimi nimesema wakirudi nitawaonyesha.

Jumatatu, 14 Januari

Wamerudi. Sikuwaonyesha kitu.

Walikuwa wanne na bunduki. Niliona kiwiko cha mumoja wao kimekaa vibaya, wazi kabisa, kama kinaniita. Ningekivunja. Najua namna. Muguu wangu ukakataa kutoka kwenye magunia. Maître akaniambia polepole, “Useni, usisukume,” akatoa mikono wamufunge.

Wamemutia cachot, jela yao, ile depo ya zamani karibu na soko, katikati ya muji. Mulango wa bati, dirisha moja la nondo. Mulinzi ni Télesphore. Tunamujua. Alifanya mazoezi na sisi, alikuwa anapiga tatami kuomba aachiliwe kabla hujamugusa. Leo ana kofia na bunduki.

Jumatano, 16 Januari

Nimepeleka bugali na maharagi ya mama. Télesphore akala nusu, eti anaonja kama kuna sumu.

“Na ukifa?” nikamuuliza.

“Utafurahi.”

“Nitalia. Nani mwingine nitamushinda kwa mukono mumoja?”

Akacheka, akaniacha nisogee. Maître akatoa vidole kwenye nondo. Amekonda. Anasema anafundisha wafungwa kuanguka, maana usiku wanagongana gizani. Akauliza kama huko inje pia dunia inatikisika. Nikasema ndiyo, kidogo. Nikataka kusema neno zuri. Nikasema Achille ameteleza tena.

Alhamisi, 17 Januari

Volcan imetoka, mulima umetapika moto.

Niko Gisenyi, upande wa Rwanda, chini ya veranda ya mutu. Mama yuko. Chukudu iko. Klabu haiko.

Nilikimbilia cachot. Nilijaribu. Mutaa umekatwa — moto unatembea polepole kama muzee, lakini haugeuki. Hauna kiwiko. Hauna shingo. Nilisimama hapo na mikono yangu yote miwili. Watu wakanisukuma mpaka kwenye barrière ya Rwanda. Nikafuata.

Ijumaa, 18 Januari

Nauliza kila mutu. Mama mumoja anasema wafungwa wote walifunguliwa, aliwaona wanapita wanaimba. Muzee mumoja anasema hapana, wale walikuwa wanakwaya. Achille amesikia Maître amekimbilia muji wa Sake. Nani kasema? Mutu. Mutu gani? Hajui.

Mama anasema nile kwanza. Sili.

Jumamosi, 19 Januari

Nimemupata Télesphore. Kwenye foleni ya maji, bila kofia, bila bunduki, amevaa koti la mwanamuke. Nilimutokea nyuma, nikamukaba shingo. Vizuri kabisa, kama kwenye mazoezi. Watu wakapiga kelele. Akanipiga kofi mara mbili kwenye mukono, na mukono wangu ukafunguka wenyewe. Mimi sikuuambia.

Akakohoa sana. Akasema: “Niliwapa ufunguo. Wallahi, niliwapa.”

“Uliwapaje?”

“Niliurusha ndani, dirishani. Halafu nikakimbia.”

Nilimukumbatia, huyu mujinga. Achille akaanza kucheka na kulia. Ndipo mama akauliza, na yeye hajawahi kukanyaga tatami:

“Mwanangu, kadenasi ya kufunga mulango ilikuwa ndani ao inje?”

Télesphore akaangalia chini.

“Inje, mama.”

Tumeketi pembeni ya foleni. Amechora chini kwa kidole: mulango hapa, dirisha pale, kadenasi hapa. Mukono wenye ufunguo unapita kwenye nondo, hiyo ni hakika, mimi mwenyewe nilishika vidole. Toka dirisha mpaka kadenasi ni kama hivi, anasema, anafungua mikono. Nikaweka mukono wangu katikati. Haufiki. Maître ni murefu kunishinda. Achille anasema sana. Mama anasema si sana.

Nimemwambia Télesphore afunge macho, akumbuke, apime tena. Amepima. Nimemwambia tena. Kila mara mikono yake inafunguka tofauti.