Makofi ya Baba

Dada mpenzi,

Kabla hujauliza: sisi wazima, na kikohozi cha Baba kimepungua.

Daftari lako la misemo ya Kiingereza nimelimaliza. Kwa ajili yake meneja, kabla ya kusafiri, aliagiza kwamba mimi, karani, ndiye nitakayetafsiri maneno ya mgeni aliyetumwa na wenye kiwanda mbele ya wafanyakazi.

Leo mgeni alisema mwezi ujao watachomoa plagi. Maana yake uliiandika kwa wino mwekundu: kusitisha jambo kabisa. Kiwanda kinafungwa, Dada. Nikainua macho, nikamwona Baba mstari wa mbele na ovaroli yake, akimwambia mwenzake, "Huyo wangu huyo! Msikilize!"

Nikasema, "Mgeni anawashukuru kwa kazi yenu."

Baba ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mgeni, asiyejua Kiswahili, alibaki ameduwaa.

Kesho zinagawiwa barua za kuachishwa kazi. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu inaishia asubuhi.

Sasa hivi Baba ananipigia pasi shati. "Mtu wa Kiingereza haendi kazini na mikunjo," ananitania. Nitamwambia kabla hajamaliza kola.

Mdogo wako,
mwoga yuleyule