Sheria ya Kutoonja

Jumanne, 6 Februari 1912

Nimeosha chupa tena. Za kahawia kwanza, nyeupe baadaye, vizibo vyote kwenye maji ya moto. Mikono inanuka dawa ya vidonda mpaka ndizi ninazokula zinanuka. Mwenzangu Loishiye amevunja chupa moja akasema ilikuwa na ufa. Haikuwa na ufa.

Daktari anasema kesho tunaanza somo jipya. Mpaka sasa kazi yetu hapa zahanatini imekuwa kufunga vidonda na kufagia. Sasa tutajifunza kilichomo ndani ya dawa. Somo linaitwa kemia. Loishiye aliuliza kama ni uganga wa Kizungu. Daktari alicheka. Si kawaida yake.

Jumatano, 7 Februari

Leo hakufundisha chochote. Alieleza tu anachokitaka kwetu, na anataka mengi. Kucha fupi. Tumbaku ibaki nje. Kuandika kwanza, kushika chupa baadaye. Kupima kwa mizani, si kwa kiganja kama unagawa chumvi. Asiyejua aseme hajui. Anayebahatisha ni mbaya kuliko mjinga, ndivyo alivyosema.

Mwisho akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: USIONJE. Atakayeonja kitu chochote cha meza ile, au dawa ya mgonjwa, ataondoka siku hiyo hiyo. Akasimulia habari za msaidizi wake wa zamani, huko alikokuwa kabla ya kuja Arusha. Alishika dawa ya zebaki akalamba kidole. Meno yakalegea, fizi zikaoza, akafa. Daktari alisimulia akitazama dirishani. Namwamini.

Kabla ya Pasaka kuna mtihani. Kila mmoja atachanganya dawa na kumpa mgonjwa mbele yake. Atakayemridhisha atapewa sanduku la dawa na kibanda cha kutibia huko Poli, mlimani kwetu. Mmoja tu. Na darasani tupo wawili.

Loishiye ni Mwarusha wa upande wa Ngaramtoni. Mimi Mmeru. Babu zetu walinyang'anyana ng'ombe, sisi tunanyang'anyana sanduku.

Nalitaka sanduku lile. Kabla ya kuja hapa nilikuwa navunja mawe ya barabara kwa amri ya jumbe. Sitaki kurudi.

Jumamosi, 17 Februari

Siku nzuri. Karatasi ya buluu ukiichovya kwenye maji ya ndimu inageuka nyekundu. Ukiichovya kwenye maji ya magadi inarudi buluu. Daktari akamimina siki juu ya magadi, ikatoka povu mpaka mezani. Loishiye aliruka nyuma. Mimi pia, lakini kidogo.

Magadi haya haya Mama mkubwa anapikia maharage. Yeye ni dada yake mama, ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Maisha yake yote ametumia magadi wala hajui yanaitwaje kwenye kitabu. Yanaitwa vingine, na maharage yanaiva vile vile.

Nimelielewa somo lote. Loishiye hakulielewa. Nimefurahi kwa yote mawili.

Alhamisi, 29 Februari

Nimekuta dawa imemwagwa nyuma ya ua. Kwinini. Rangi naijua, harufu naijua. Ni ya yule mzee wa Kikatiti mwenye homa. Alipokea kikombe, akashukuru, akatoka nacho.

Najua kwa nini. Kwetu mwenye kutoa chombo anakunywa kwanza. Pombe, maziwa, dawa, chochote. Akionja mbele yako amekwambia hana neno na wewe. Asipoonja amekwambia analo. Hakuna anayefundishwa jambo hili, kila mtu amekua nalo. Loishiye anasema na kwao ni vile vile.

Sisi tunawapa watu vikombe mikono ikiwa nyuma kama askari. Wanatuonaje?

Jumatatu, 11 Machi

Nimemweleza Daktari. Nilitayarisha maneno usiku kucha na yakatoka nusu. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nakiri. Akasema mtu anayeonja kila kikombe ipo siku ataonja kisichofaa. Na mfanyakazi anayekunywa dawa za wagonjwa mchana kutwa atakuwa mgonjwa yeye. Watu watazoea, akasema.

Nilitafuta kosa katika maneno yake sikuliona. Nimekasirika zaidi kwa sababu hiyo.

Leo vikombe vingine vimemwagwa. Majani ya nyuma ya ua hayana homa hata kidogo.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua tangu asubuhi. Wamemleta Mama mkubwa kutoka Poli kwa machela, majirani wanne, matope mpaka magotini. Homa. Macho ya njano. Nilimwamkia shikamoo hakunitambua mara moja.

Zamu ya wodi ni ya Loishiye. Alimpelekea kwinini, Mama mkubwa akageukia ukutani polepole. Loishiye aliniambia kwa sauti ya chini, hakwenda kumwambia Daktari. Sikutegemea.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumapili, 24 Machi

Hanywi. Anakunywa maji ninayompa, kwa kuwa maji naanza mimi. Dawa hapana.

Jumatano, 27 Machi

Mtihani.

Mgonjwa wa Loishiye alikuwa na kidonda mguuni. Alichanganya dawa ya kuoshea, akaosha, akafunga. Alisahau kuandika kabla ya kushika, akakumbuka katikati. Kidonda hakimwambii mtu aonje.

Mimi nilipewa wa homa. Daktari alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Mama mkubwa. Hajui kama ni wangu, na mimi sikusema.

Niliandika. Nilipima. Unga wa kwinini haukubali maji vizuri, nikatia matone ya tindikali iliyozimuliwa, maji yakawa maangavu. Daktari alitikisa kichwa kukubali. Nilijua nimefika. Nililiona sanduku.

Nikampa kikombe. Hakukipokea. Akasema kwa Kimeru, sauti haina nguvu lakini wote walisikia, na majirani wa Poli walikuwa mlangoni:

"Mwanangu, chombo umekijaza wewe. Mbona hunywi?"

"Siruhusiwi, Mama mkubwa."

"Na nani?"

Nikamwonyesha Daktari kwa macho.

"Huyo simjui. Nakuuliza wewe."

Nikanywa funda moja. Chungu mpaka kwenye masikio. Akakipokea kikombe, akanywa chote, akapangusa mdomo, akalala.

Daktari hakupaza sauti. Aliuliza kama nilikuwa naijua sheria. Nikasema naijua, na kilichomo kikombeni nakijua pia, nimekichanganya mwenyewe. Kisha akaniambia nivue aproni.

Alhamisi, 28 Machi

Niliondoka jana hiyo hiyo. Loishiye alinisindikiza mpaka mto Ngarenaro. Daktari amesema Mama mkubwa abaki mpaka apone. Majirani waliorudi leo wanasema anakunywa dawa sasa. Anasema nilishaionja, inatosha.

Jumapili, 14 Aprili

Mama mkubwa amerudi kwa miguu yake. Amekonda, anafoka, anasema migomba nimeipalilia vibaya. Yupo mzima.

Ameniuliza narudi lini kazini. Nimesema Daktari amenipa mapumziko. Akasema ni haki yangu, maana nilimponya. Hajui funda lile lilinigharimu nini, na mimi sitamwambia. Akijua atateremka Arusha kumgombeza Mzungu wa watu.

Jumbe alipata habari za kufukuzwa kwangu kabla sijamwambia. Kesho mawe.

Jumanne, 30 Aprili

Sanduku limefika Poli. Loishiye nyuma yake, na wapagazi wawili. Wamekifungua kibanda. Nilikuwa barabarani na nyundo, nikaliona likipita. Wivu. Sina neno jingine zuri zaidi.

Jumatano, 8 Mei

Loishiye amemtuma mtu kwa jumbe aniombe kwa siku ya leo. Jumbe amekubali, naye ana homa.

Nimekuta watu wamejaa kwenye majani mbele ya kibanda, wamekaa tangu jana, hakuna aliyekunywa. Mwarusha amesimama mbele yao na kikombe, mikono sawasawa, kucha fupi. Kila kitu kama tulivyofundishwa. Wanamtazama tu.

Alinivuta pembeni. Akanitajia kilichomo katika kila chupa, na kiasi alichopima. Nilimuuliza habari ya tindikali. Alijibu sawa. Nilimuuliza ya zebaki iko wapi. Imefungiwa chini, ya kuoshea tu, haiji mezani. Akasema yeye haonji na hataonja, ameahidi. Lakini sheria haisemi lolote kuhusu mtu wa kuvunja mawe.

Nikakaa kwenye kigoda kando yake. Loishiye anachanganya, mimi nakunywa kidogo, mgonjwa anakunywa chote. Jumbe alikunywa. Wazee walikunywa. Daktari alisema kweli, ukionja mchana kutwa unaumwa. Kichwa kizito, masikio yanavuma.

Mama mkubwa alikuja na ndizi za kuchoma, akakaa mbele kabisa. Aliwaambia watu mganga ni mimi, mwanawe, na huyu Mwarusha ni msaidizi wangu wa kuteka maji. Wakamwonea Loishiye huruma, mmoja akampa ndizi. Loishiye hajui Kimeru. Aliniuliza wanasema nini.

Nikamwambia wanamshukuru. Jumbe ameniruhusu: kesho barabarani, keshokutwa kibandani tena. Mvua imepungua.