Turubai la Mgeni Rasmi

Careen, mbona hupokei simu? Basi soma.

Wamemwaibisha Mwalimu Ursula wetu mbele ya Chilangala nzima.

Unajua maji ya mvua tunayokinga kwenye bati yanavyonuka dawa ya mikorosho, maana tangu biashara iwe huria kila duka Newala linauza ya kwake. Ursula akapaka trei ule unga mweupe ambao ukipigwa na jua unaivunjavunja dawa iliyomo majini. Leo, siku ya wazazi shuleni, alitia maji rangi ya bluu, watu waione ikipotea kwa macho yao. Jana kwenye majaribio ilipotea yote.

Asubuhi Mwalimu Mkuu Modest akaja na turubai. Akalifunga wapi? Juu ya trei. Juu ya trei, Careen.

Ursula akamwambia, "Mkuu, bila jua hakuna kitu hapa."

"Mgeni rasmi hakai juani, Mwalimu. Acha ubishi."

Mgeni akafika mchana, akachungulia. Bluu vilevile. Akashika kipaza sauti: "Akina mama, msidanganywe na unga."

Na Modest anapiga makofi. Modest huyohuyo aliyefunga kamba kwa mikono yake.

Halafu wakampa Ursula kipaza sauti aombe radhi.

"Wazazi wangu, shikamooni."

Wazee wakaitikia marahaba.

"Naomba radhi. Tulimwalika mgeni rasmi, tukasahau kulialika jua."

Akaweka kipaza sauti mezani, akaenda kufungua kamba za turubai, mgeni akiwa bado amekaa chini yake.