Jina la Muhsin Kwenye Jiwe

Xiaobei, Guangzhou
4 Machi 2006

Mwanangu Bimdogo,

Assalaam alaykum. Wajionaje na hali, na mamako magoti yamepoa? Mimi mzima, ila nimekonda kidogo kwa sababu mji huu wote waniegemea mimi. Bandarini Huangpu hawafungi kontena la Mombasa mpaka Ghalib apite aligonge kwa kiganja. Njiani Wachina waniita laoban, yaani bosi, hata wale nisiowajua.

Nimesikia wazee waliostaafu jeshi la anga wajenga jiwe la majina ya marubani wetu wa kwanza waliokufa kazini. Ni haki ya babako. Ndugu yangu Muhsin alianguka na ndege akiwa na miaka ishirini na mitano tu, nawe una miezi minne, lakini mbingu alikuwa ameshaimaliza. Waambie ami yako aliruka naye. Waambie alivyopindua ndege kichwa chini juu ya mtaa wa Kibokoni, nami nyuma yake na kikombe cha kahawa, isimwagike hata tone. Wakitaka shahidi, nipo.

Barua naipa Jemimah, mfanyabiashara mwenzangu, arudi Mombasa kesho.

Ami yako,
Ghalib


Mombasa
21 Machi 2006

Ami yangu,

Alaykumu salaam. Sisi wazima, mama akusalimu, magoti bado. Kukonda kwako tumekuona kwenye picha aliyoleta Jemimah. Umekonda mpaka kiti ulichokalia hakionekani.

Nimeonana na karani wa wale wazee, Mzee Stephen. Ami, hawataki kuliandika jina la baba. Aliniambia kwa upole, "Binti, jiwe ni la waliokufa kazini. Babako mji mzima wajua alikuwa akicheza na ndege." Nikamuuliza mji umejuaje. Akasema, "Kwa ndugu yake. Miaka nenda miaka rudi akisimulia pale kwenye kahawa, ndege kichwa chini, kikombe mkononi."

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikuomba uirudie hadithi hiyo kabla sijalala. Sina sauti ya baba wala harufu yake, nilikuwa na hiyo tu. Sasa ndiyo yamfuta. Kwenye simu ukianza kucheka kadi yaisha, kwa hivyo nakuuliza kwa kalamu: uliruka naye, au hukuruka? Orodha yafungwa tarehe thelathini Aprili.

Mwanao,
Bimdogo


Mombasa
14 Aprili 2006

Ami,

Salaam nyingi, na natumai u mzima. Jemimah amekuja tena bila barua. Kaleta vitambaa vya mama na habari kwamba una shughuli nyingi bandari ya Nansha. Nikamuuliza, "Ulipomtajia barua alisema nini?" Akacheka, "Alinijibu mei you, yaani hakuna, kama mwenye duka aliyeishiwa bidhaa."

Sijakasirika. Nilikuuliza kama uliruka na baba. Usije tu ukamruka. Wewe ukimkana, nani mwingine aliyebaki anayemjua?

Mwanao,
Bimdogo


Xiaobei, Guangzhou
20 Aprili 2006

Bimdogo mwanangu,

Assalaam alaykum wewe na mamako. Afya yangu ni ya mtu ambaye chakula hakimshuki wiki ya nne sasa. Barua hii mpelekee Mzee Stephen, umsomee yote, usiruke mstari.

Sikuruka na babako. Juu ya Kibokoni hakupindua ndege hata siku moja. Hadithi niliitunga mwaka uliofuata msiba, watu walipoanza kumsahau. Nilisema neno moja pale kwenye kahawa, wote wakanigeukia, na Muhsin akawa kama amekaa nasi. Kesho yake nikaongeza. Mimi nikidhani namrudisha, kumbe namchafua.

Nilimtembelea kambini mara moja, mwaka sabini na moja. Alikuwa mwembamba, akinukia sabuni ya kipande na mafuta ya ndege, sauti yake ya puani kidogo, na haraka hana. Alinipandisha kwenye ndege ya viti viwili, ndani ya banda. Nilipotoka, kifungo kimoja cha shati langu hakipo. Nikasema, "Kifungo tu hicho, Muhsin, mama atashona kingine." Akasema, "Ghalib, kikinasa kwenye nyaya za usukani, mimi sirudi."

Alikuwa aruke saa nne. Akaenda kumwambia mkubwa wake ndege hii leo haitoki, akakaripiwa mbele ya wenzake, asibadili neno. Kisha akalala chali ndani ya ndege na tochi mdomoni. Alikipata alasiri, chini ya kiti, akakishona mwenyewe shatini mwangu. Rafiki yake Jeremiah, aliyemshikia ngazi, yuko hai Nakuru. Mzee Stephen amuulize. Mtu yule hakucheza na ndege. Siku aliyokufa alitumwa kupeleka dawa, ukungu wa milimani ukamchukua.

Mzee Stephen atataka kujua kifungo kilikatikaje. Mwambie. Nilisikia mngurumo, nikadhani tumeshaondoka, nikapiga kelele na kujivuta nitoke. Ndege ilikuwa haijawashwa. Ilikuwa mashine ya kukatia nyasi, nje ya banda.

Ami yako,
Ghalib