Mwanamke Anayemshika Simba Mdomo

Kihesa, Iringa
8 Juni 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, mama na ng'ombe wote. Mimi sijambo, na cherehani yangu pia haijambo.

Nina mambo mawili. La kwanza ni Magesa, yule fundi wa redio wa Mlandege niliyekuandikia habari zake. Anataka tufunge ndoa mwezi wa nane. Padri anadai barua ya mzazi yenye mwaka wangu wa kuzaliwa. Nakuomba uandike 1954, kama cheti cha shule kinavyosema. Mimi na wewe tunajua ni 1949, na kwamba ulinipunguzia miaka mitano ili nipokelewe darasa la kwanza, nikakaa dawati moja na watoto walioniita shangazi. Lakini Magesa anajua nina miaka ishirini na miwili, nami sioni haja ya kumsumbua na hesabu.

La pili, kuna mama wa Kizungu aliyeharibikiwa na gari akielekea Zambia. Nilimshonea begi lake, akaniachia karata hii yenye picha ya mwanamke anayemshika simba mdomo. Si ya kuchezea, ni ya kupigia ramli. Alisema maana yake ni kwamba mpole humshinda mwenye nguvu. Simba ni Magesa, maana ana sauti nene, na huyo mwanamke ni mimi. Nimeitia humu uione mwenyewe. Naamini hata wewe utaona kwamba inasema ndiyo.

Nijibu upesi, baba.

Ni mimi binti yako,
Kalista


Igurusi, Usangu
21 Juni 1976

Mwanangu Kalista,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako magoti yanamsumbua ila mdomo haujambo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Mwalimu Alinanuswe wa kisomo cha watu wazima amesahihisha nukta tu, mengine yote ni yangu.

Karata imefika. Niliipeleka darasani na somo likaishia hapo. Mzee Shija kasema huyo simba ni mgonjwa, simba mzima hashikwi hivyo. Mwanakhamisi, mke wa mwenye duka, kasema mwanamke ana maua kichwani, basi ni bibi harusi. Halafu juu ya kichwa chake kuna nane iliyolala. Mwalimu akasema nane hata ikilala ni nane. Shija akasema hao ni ng'ombe wa mahari, wamelala kwa sababu wameshiba. Ilibaki kidogo wapigane.

Mimi nikawanyamazisha. Huyo mama wa Kizungu hajui mifugo. Tazama vidole vya mwanamke viko wapi! Hambembelezi simba, anamfungua mdomo ahesabu meno. Ndivyo tunavyofanya mnadani, maana mwuzaji husema ndama, meno yakasema mzee. Kwa hiyo maana ya karata ni hii: usikubali kabla hujamtazama Magesa meno. Magego ya nyuma kabisa, tena juani. Anasema ana miaka thelathini. Nani alimwona akizaliwa?

Barua ya padri nitaiandika ukishaniletea habari za meno. Haraka haraka haina baraka.

Baba yako mzazi,
Nkuba


Kihesa, Iringa
9 Julai 1976

Baba,

Shikamoo. Sitaandika kwamba mimi mzima, kwa sababu si mzima.

Nilifanya ulivyosema. Jumapili ile baada ya misa nilimkalisha Magesa juani nje ya kibanda chake, nikamwambia afungue mdomo. Nilidhani atauliza kwa nini. Hakuuliza. Alifungua tu, nikayaona yote, meno thelathini na mawili ya kijana. Kumbe kwao Musoma babu yake alikuwa dalali wa mnadani! Akacheka, akasema, "Haya, zamu yako." Akachukua tochi anayomulikia redio, akatia kidole gumba, akatazama weee.

"Kalista," akasema, "mbona magego yamelika hivi? Mtu wa miaka ishirini na miwili alikuwa anatafuna nini, mawe?"

Baba, huwezi kudanganya huku kidole cha mwenzako kimo mdomoni. Nikaanza kulia. Alipokitoa nikamwambia yote, 1949, cheti, na wewe. Hakufoka. Alizima tochi, akaingia ndani, akafunga mlango. Leo siku ya kumi na mbili hajanisemesha. Tangu juzi kibanda kina kufuli, na jirani anasema alimwona na mfuko akienda stendi.

Njia ya mwongo ni fupi, yangu imeishia kwenye magego. Nampenda yule mtu, baba. Sijawahi kukuandikia neno hilo, leo naliandika. Umenipotezea mchumba kwa ajili ya karata.

Binti yako wa miaka ishirini na saba,
Kalista


Igurusi, Usangu
12 Julai 1976

Mwanangu Kalista,

Pole sana. Huku wazima, na tuna mgeni.

Barua yako imefika, na Magesa pia, ila yeye aliitangulia. Hakuja kukukataa. Alikuja kuniuliza kwa nini nilimbebesha mtoto uongo. Aliniuliza mbele ya mama yako, kwa sauti yake hiyo nene, na mama yako akamwongezea maziwa. Nikamjibu kweli: shule ilikuwa inakataa wakubwa, na mimi nilitaka mwanangu ajue kusoma. Alikunywa mpaka kibuyu kikaisha. Kisha akasema hata yeye alipunguziwa miaka mitatu. Kwa hiyo, mwanangu, kutazama meno hujui.

Sasa niungame. Kwenye karata ile mimi sikuona meno. Niliona mwanamke asiye na hofu, aliyekwisha kuamua, nikajua ni wewe. Nikajua pia kwamba nikiiandika barua ya padri, ndiyo umekwenda. Nilikupeleka shule mwenyewe, shule ikakupeleka mbali, na sikulia siku ile kwa kuwa watu walikuwa wananitazama. Nilitaka uchelewe kidogo tu. Nisamehe. Ni hila ya baba asiyejua kuaga.

Barua ya padri imo humu. Nimeandika 1949, kwa wino. Tarehe pangeni wenyewe, sisi tutakuja.

Posta sikuiamini. Nimemkabidhi Magesa akuletee hii mkononi. Kwa jinsi ninavyokujua, umemwacha amesimama nje ili usome kwanza mpaka mwisho. Imetosha, mwanangu. Mkaribishe ndani.

Baba yako,
Nkuba